Soksi Nyekundu ya Mlinzi wa Tatu

Kambini, 5 Februari

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo, na shikamoo ya Mama umfikishie kabla hujasoma mengine, maana najua unapenda kuruka salamu. Mimi mzima, ila ngozi yangu imegeuka rangi ya hii barabara tunayoijenga. Nikija likizo Mama atanifagia kwanza ndipo anikumbatie. Magoti yake yanasemaje? Na umwambie habari ya mchumba bado haijaiva, asimtume tena shangazi kunipeleleza.

Lori la mafuta lilichelewa siku nne, kwa hiyo barua yako ya mwezi uliopita tumeipata juzi tu. Nasema tumeipata kwa sababu hapa haisomwi na mtu mmoja. Chakula kikishaondolewa tunakaa meza ileile ya mchezo wetu wa hadithi: mimi msimulizi, fundi wa kuchomelea vyuma, dereva wa katapila, mpishi, na kiti kitupu ambacho ni chako. Hakuna anayeruhusiwa kukikalia.

Uliagiza mchawi wako, Bibi Lepe, awalaze walinzi wa daraja ili kundi lipite. Nikakurushia dadu inayoamua kama uchawi utashika, kama kawaida, nyuma ya daftari langu la vipimo ili mtu asichungulie. Dada, mkono wako haukosei! Wote watatu chini. Wa kwanza alilala na kijiko mdomoni. Wa pili aliukumbatia mkuki wake kama mke. Wa tatu alivua buti kabisa, akazipanga, akajinyoosha. Mguu mmoja una soksi nyekundu, wa pili hauna kitu. Kundi likapita kwa kunyata.

Halafu ugomvi ukaanza. Fundi naye ana mchawi wake. Alimtupia mfungua lango wa ng'ambo ya daraja uchawi wa kumfanya aseme kweli, dadu ikamkatalia. Mfungua lango akamwaga uongo, na mimi nikatangaza kwamba mchawi wa fundi hana habari kuwa uchawi umegoma. Fundi akawaka. "Mchawi gani asiyejua uchawi wake umegoma? Huyo ni mbabaishaji wa sokoni!" Mpishi akamuunga mkono, ati yeye chumvi ikizidi anajua kabla mlaji hajainua kijiko. Dereva akasema wote wawili wanajipendekeza. Basi tumekwama, na wamekubaliana kitu kimoja tu: tukuulize wewe, maana kulaza watu kwa dawa ya usingizi ndiyo kazi yako hospitalini. Uchawi ukigoma, mchawi anahisi au hahisi?

Nasubiri. Sote tunasubiri.

Mdogo wako mwenye vumbi


Nyumbani, 19 Februari

Bwana Vumbi,

Marahaba. Mama anasema marahaba mara mbili, na kwamba mchumba si embe asubiri kuiva. Magoti yanamuuma akitakiwa kwenda zahanati. Akialikwa harusini yanapona.

Barua yako nimeipokea leo asubuhi mlangoni, nikaenda nayo kazini, nikaisoma huku naandaa mashine. Tulikuwa na mgonjwa mmoja tu, mama fundi cherehani wa nyuma ya soko, uvimbe tumboni, kazi ya saa mbili. Nikiwa kwenye kiti changu pale kichwani kwake nikawasimulia wenzangu yote: Bibi Lepe, daraja, walinzi. Nilipofika kwenye soksi nyekundu, daktari alicheka mpaka akainua mikono juu asije akakata pasipostahili. Nesi wa vifaa anauliza kama huyo mlinzi ameoa. Unaona unavyotuvuruga?

Swali lenu ni jepesi. Anahisi, tena bila shaka. Miaka kumi na moja nalaza watu. Aliyelala kweli ana uso wake na anayejifanya ana wake, na mimi sihitaji mashine kunieleza. Mashine yenyewe ni kongwe, kengele yake inalia hata ukipiga chafya, tangu mwaka jana tumeiziba kwa plasta. Mwambie fundi ameshinda.

Nakujibu leoleo, hata sijala, kwa jinsi nilivyofurahi. Kazi imeisha salama, mgonjwa yuko wodini. Nimefurahi sana leo. Bibi Lepe amfuate mfungua lango, amlaze naye.

Dada yako


Kambini, 5 Machi

Dada,

Shikamoo. Mvua imetuharibia kilomita mbili za kazi, na mpishi ameungua mkono, si sana. Wengine wazima. Mama apewe busu la kila goti.

Barua yako niliisoma mezani kwa sauti. Nilipofika "mwambie fundi ameshinda" wakapiga makofi, ila fundi mwenyewe hakupiga. Alizungusha kikombe, akasema, "Dada yako ananipa ushindi ambao siutaki." Akatueleza kwamba kuna mchomeleo unaong'aa juu vizuri kabisa kumbe ndani umepasuka. Aliwahi kukabidhi ngazi ya namna hiyo kwenye ghala fulani. Aliigonga kwa nyundo, akaisikiliza, akaweka sahihi. Ikaanguka na mtu. "Nimejiuliza miaka sita kama nilihisi kitu siku ile," akasema. "Sikuhisi. Naapa sikuhisi." Dereva akamjazia chai, na siku hiyo hatukucheza tena.

Kwa hiyo hukumu bado haijatolewa. Mfungua lango wako amelala fofofo, hilo usijali. Nitumie hatua inayofuata.

Mdogo wako


Nyumbani, 26 Machi

Mdogo wangu,

Hatujambo. Mama mzima. Samahani kwa kukaa kimya, kazi zimekuwa nyingi.

Bibi Lepe akae tu. Sina hatua.

Nina swali moja, uwaulize wenzako. Uchawi ukigoma, yule aliyerogwa anajua? Namaanisha yule aliyelengwa. Je, anajua kwamba alitakiwa alale na hakulala?

Dada yako


Kambini, 2 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo. Barua yako ina mistari tisa, nimeihesabu mara mbili nikidhani ukurasa mmoja umedondoka. Hukunitania hata kidogo. Hukumsema shangazi. Mwandiko wako umelala upande kama wa mtu anayeandika huku anaangalia mlango. Kuna nini? Ni Mama? Kama ni Mama, niambie waziwazi, nitapanda hata juu ya pipa la mafuta nije.

Swali lako nililipeleka mezani kwa sababu uliagiza. Hawakubishana hata dakika tano. Dereva alisema, "Aliyelengwa lazima ajue, si ndiye yuko macho?" Wakatazamana. Tukaamua hivi, na nimeandika kwenye daftari kuwa sheria ya meza yetu: uchawi ukigoma, mchawi hajui. Anayejua ni aliyerogwa. Fundi alipoisikia aliomba niisome tena, halafu akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Nami nimefurahi kwa ajili yake. Lakini wewe ndiye unayenitia wasiwasi. Niandikie, hata uniambie nimekosa.

Mdogo wako


Nyumbani, 11 Aprili

Mdogo wangu,

Si Mama. Mama yupo anakula, anagomba, ananiuliza maswali kama wewe.

Nakuomba jambo na usiniulize sababu. Barua yangu ya tarehe 19 Februari, ichome. Kwenye daftari la mchezo, ukurasa wa daraja na walinzi, uchane uchome pia. Ya kwako niliyonayo mimi nimeshaichoma jikoni. Usimpe mtu, usiwaambie hao wa mezani, usinijibu kwa maneno mengi. Niambie tu umefanya.

Tangu ulipokuwa mtoto sijawahi kukuomba kitu. Nilikubeba mgongoni mpaka shule ulipovunjika mguu, na sikukuomba kitu.

Dada yako


Kambini, 16 Aprili

Dada,

Shikamoo. Nimechoma. Barua na ukurasa, vyote, kwenye jiko la mpishi, mwenyewe akiwa mtoni.

Habari za mgongo ungeziacha, dada. Ningefanya hata bila kukumbushwa.

Hatuchezi siku hizi.

Mdogo wako


Nyumbani, 9 Mei

Mdogo wangu,

Salamu. Mama mzima, asubuhi hii ameimwaga chai aliyoniandalia kwa sababu ilipoa mara ya tatu siinywi. Nimemwambia ni malaria. Sasa nakuandikia wewe kweli, kwa kuwa ulichoma bila kuuliza na kwa kuwa nikikaa nayo peke yangu nitapasuka.

Yule fundi cherehani hakulala.

Mgonjwa tunamwanzishia sindano ya kumlaza, lakini hiyo inamshika dakika chache tu. Kinachomweka usingizini muda wote ni dawa ya mvuke inayotoka kwenye chombo cha mashine. Na tunamchoma sindano nyingine ya kulegeza misuli ili mwili utulie chini ya kisu. Siku ile sindano zote mbili zilifanya kazi yake. Chombo cha mvuke kilikuwa kikavu. Asubuhi kabla ya kuanza natakiwa nikitazame, nikijaze, nitie alama kwenye fomu. Alama nilitia. Sikutazama, nilikuwa nasoma barua yako. Kengele ambayo ingepiga kelele tulikuwa tumeiziba.

Kwa hiyo aliamka. Hakuweza kufungua jicho, wala kusogeza kidole, wala kupiga ukelele, mashine inampumulia. Saa nzima na zaidi. Siku ya tatu alimwambia nesi wa wodi, nesi akasema ni ndoto. Alimwambia daktari, daktari akampa vidonge. Alipofika nyumbani akakataa kulala kitandani. Anakaa kwenye kiti, mgongo ukutani, na mtu akimgusa begani akiwa amesinzia anapiga mayowe. Mumewe amewahamisha watoto kwa dada yake, ati mama yao amechanganyikiwa. Watoto wawili. Wa pili hajaanza shule.

Lakini hakukata tamaa, akaandika malalamiko, na Jumatano iliyopita kamati ya hospitali ikakaa. Walimuuliza alisikia nini. Akasema: "Walikuwa wanasimulia habari za mchawi aliyewalaza walinzi watatu darajani. Wa tatu alikuwa na soksi nyekundu mguu mmoja."

Mwenyekiti akaweka kalamu chini. Mjumbe mmoja akakohoa ili asicheke. Niliona kabisa jambo likiisha pale pale. Kama angesema alisikia mkasi ukilia, wangemfikiria. Mchawi ndiye aliyemwangusha. Yule mama akanigeukia mimi: "Dada, si wewe uliyesimulia? Sauti ilikuwa yako."

Nikamwambia, "Pole sana mama. Hizi dawa huleta ndoto."

Daktari akatikisa kichwa kukubali. Nesi wa vifaa alikuwa anaangalia viatu vyake. Wameandika kwamba huduma ilitolewa ipasavyo, na mgonjwa apelekwe kwa daktari wa akili.

Hospitali imenipa barua ya pongezi kwa utumishi wangu, imo kwenye pochi. Siwezi kuifungua. Mdogo wangu, sikujua. Ninyi wenyewe mmeamua mezani, mchawi hajui, na hamkuwa mkinifikiria mimi wala yeye mlipoamua. Nimeishika sheria yenu hiyo kila siku nikiingia kazini. Niambie bado iko hivyo.

Dada yako


Kambini, 14 Mei

Dada yangu,

Shikamoo. Nimekaa na barua yako tangu jana, sijaenda kazini, nimewaambia tumbo.

Nina mambo mawili ya kukuambia na yote ni mabaya.

La kwanza, sikuchoma. Nilisimama mbele ya jiko na barua mkononi nikashindwa, kwa sababu ilikuwa barua ya mwisho uliyocheka. Nikakuandikia uongo ili utulie. Iko ndani ya bahasha hii, na ukurasa wa daftari nao umo, na tarehe zake, na mwandiko wangu. Utaona umeandika mwenyewe kwamba ulisimulia, kwamba mgonjwa alikuwa fundi cherehani, kwamba daktari alicheka, kwamba kengele imezibwa. Kila alichokisema yule mama kimo.

La pili litakuudhi zaidi. Dadu ya daraja ilitoka mbili. Uchawi wako uligoma, dada. Walinzi hawakulala hata mmoja. Nilisema wamelala kwa sababu ulikuwa umeniandikia mwezi uliotangulia kwamba mambo yote nyumbani na kazini yanakwenda kombo, na Bibi Lepe ndiye mtu pekee unayemfahamu ambaye mambo yanamnyookea. Yule wa soksi nyekundu nilimbuni papo hapo ili uongo unoge. Na si mara hiyo tu. Tangu uanze kucheza, dadu zako mbaya zote nimezigeuza. Mezani wanajua. Fundi aliwahi kuchungulia, akaniangalia, akanyamaza. Mpishi na dereva wakanyamaza pia. Tulikuwa tunakupenda, na tuliona si kitu, ni mchezo.

Wakati ule niliona ni wema. Sasa nikisoma habari za nesi anayeangalia viatu namuona fundi na kikombe chake, na najiona mimi nyuma ya daftari. Nimeona aibu, dada, aibu ya kweli.

Kuhusu sheria: siwezi kukuambia bado iko hivyo. Tuliitunga kumpoza fundi, baada ya kuona anaumia. Haikutungwa kwa ajili ya kamati. Na barua yako ya Februari, ile ya "nimefurahi sana leo", naisoma mara nyingi kuliko zote, na kuna kitu humo ambacho sikipendi, na sitakuuliza.

Ukiichoma wewe, sitasema neno. Ila mimi sitaichoma.

Mdogo wako


Nyumbani, 7 Juni

Mdogo wangu,

Salamu zako nimezipokea, na Mama amezipokea. Nimemwambia yote, nikisimama jikoni, yeye akichambua mchele. Hakunipiga na hakunikumbatia. Aliuliza yule mama ana watoto wangapi, akaendelea kuchambua. Kisha akasema twende wote. Nikakataa.

Nilikukasirikia siku nne kwa sababu ya zile dadu. Nilikuita majina ambayo hata shangazi hayajui. Siku ya tano nikaona hasira ile naipenda mno, inanipa pa kujificha, nikaiacha.

Jana alasiri nilikwenda kwa yule mama. Ni chumba na sebule, nyuma ya soko, mlango wa bluu. Cherehani imefunikwa shuka. Mume alinifungulia, akanijua kwa sare, akasema mke wake hataki vidonge zaidi. Nikamwambia sikuleta vidonge. Mke alikuwa kwenye kiti chake, mto mgongoni, mto mwingine miguuni, macho mekundu. Hakunikaribisha na hakunifukuza. Nikakaa kwenye kigoda, nikatoa barua yangu ya Februari, nikamsomea.

Nilipofika kwa walinzi, midomo yake ilianza kwenda pamoja na yangu. Soksi nyekundu aliitamka kabla yangu. Mumewe alikuwa amesimama mlangoni. Akaja akachukua ukurasa wako wa daftari, akausoma, akaangalia tarehe, akakaa chini sakafuni.

Nilipofika pale daktari alipocheka akainua mikono, nikashindwa kuendelea. Yule mama akasema, "Soma." Nikasoma. Akasema taratibu, ananiangalia usoni, "Hapo ndipo kisu kilipumzika. Nilikuwa naomba ndani kwa ndani uendelee kusimulia, ili wacheke tena."

Mdogo wangu, nimezika baba yetu, nimeona watu wakifa mezani kwangu. Sijawahi kusikia neno lililonipiga kama hilo. Nililia. Nilijua sina haki ya kulia mbele yake na nikalia.

Mumewe alisubiri nimalize. Akaniuliza swali moja tu. "Ulijua lini?"

Ningeweza kusema Machi, malalamiko yalipoletwa. Ningeweza kusema nilipokiona chombo kikavu wakati wa kufunga kazi, na hapo pia ningekuwa nimesema uongo wa nusu. Wewe hukuniuliza, ukaniheshimu, na nadhani ulishajua. Kwenye saa ya kwanza, kabla sijafika hata kwenye daraja, chozi lilimtoka jicho la kushoto likaingia sikioni. Moyo wa mgonjwa ulikuwa unakwenda mbio kwenye kioo cha mashine. Nilichukua pamba nikamfuta. Nikasema moyoni, macho huwa yanatoa maji. Nikaandika kwenye fomu: amelala. Halafu nikaendelea kusimulia kwa sauti kubwa kuliko kawaida yangu, na jioni nikakuandikia kwamba nimefurahi.

Nilimjibu hivyohivyo, neno kwa neno. "Nilijua tangu mwanzo. Nilimfuta machozi."

Jumatatu napeleka karatasi zote kwa kamati, na nakala kwa baraza la leseni. Daktari amekwisha kunipigia simu, anasema nimechoka, nichukue likizo. Nesi wa vifaa hapokei simu yangu. Sidhani nitalaza mtu tena maishani, na ni sawa. Mama anajua. Usije, barabara yenu bado inakuhitaji.

Unataka kujua yule mama alisema nini. Hakusema amenisamehe, na mimi sikuomba. Alimgeukia mumewe pale sakafuni.

"Umesikia?" akamwambia. "Basi inuka, nenda kawachukue wanangu."

Akainuka akaenda hata viatu hajafunga kamba. Nikabaki naye sisi wawili mpaka aliporudi nao, kwa sababu hakutaka kukaa peke yake, na hakukuwa na mtu mwingine.

Dada yako